Mwenye Sonde

Chef hakuwahi kumpiga mwanafunzi hata kofi. Hakuwa na haja. Alikuwa akiichukua kadi yako ya umeme, ile uliyoilehemu kwa wiki tatu huku ukiungua vidole, anaiinua hadi dirishani, anafunga jicho moja, anatulia. Kisha anauliza kwa upole, kwa sauti ya mtu anayekuulizia hali ya mama yako: "Nani alikutapikia hapa?"

Darasa zima linacheka. Wewe pia unacheka, maana usipocheka ndiyo mbaya zaidi, atakuuliza tena.

Mimi aliniambia siku ya kwanza kabisa, akiwa ameshika kidole changu gumba kwa ncha za vidole vyake: "Mademoiselle, hii mikono yako iko ya kukaanga samaki. Iko mizuri. Lakini samaki iko kule inje." Nilimchukia palepale, na palepale niliapa kwamba mtu huyu hataniona nikitoka mlangoni kwake kabla sijamaliza. Siku hizi nasema labda hicho ndicho alichokuwa akikitafuta. Huenda nasema hivyo kwa sababu inanifaa.

Tulimwita Chef tu. Alikuwa na jina, bila shaka, na mke wake alilijua, lakini katika taasisi yetu ya ufundi hapa Kisangani sikumsikia mtu akilitumia. Alikuwa mkuu wa maabara ya elektroniki, yaani labo: chumba kirefu chenye meza kumi, bati linalovuja upande wa kushoto, na kompyuta nne ambazo mbili zilikuwa zinatembea. Kutembea, kwetu, ni kufanya kazi. Mashine inatembea au haitembei. Chef alichukia kauli moja kuliko zote, ile ya mwanafunzi anayesimama na kadi iliyokufa mkononi na kusema, "Chef, jana ilikuwa inatembea."

"Jana," anamjibu, "hata miye nilikuwa kijana."

Nguvu zake zote zilikaa ndani ya kisanduku cha plastiki kisichozidi kiberiti, tulichokiita sonde. Nieleze kidogo kwa asiyejua. Ukishaandika programu na kuiingiza ndani ya prosesa ya kadi, prosesa inakwenda zake, inafanya kazi kimya, na huwezi kujua ndani kunatokea nini. Sonde inakaa kati ya kompyuta na ile kadi. Kwa nyaya nne inaishika prosesa, inaisimamisha katikati ya kazi, kwenye mstari unaoutaka wewe, na kukuruhusu usome namba zote zilizomo. Prosesa unayotaka kuishika hivyo, Chef aliiita cible. Lakini sonde haishiki cible ovyo. Lazima kwanza uiandikie faili la maelekezo: cible ni ya aina gani, umeme wake ni volti ngapi, mwendo wake ni upi, na namba yake ya utambulisho ni ipi, maana kila prosesa ikiulizwa wewe nani hujibu kwa namba. Ukikosea mstari mmoja, kompyuta inaandika maneno matatu tu: Cible inconnue. Abandon. Yaani haiijui cible, na imeacha.

Taasisi nzima ilikuwa na sonde moja. Chef aliivisha soksi ya mtoto mchanga, ya rangi ya manjano, akaitia mfuko wa ndani wa koti. Alikwenda nayo nyumbani na alikwenda nayo misa. Mwenzetu mmoja alidai alimwona akipokea komunyo huku waya wa sonde unaning'inia kifuani. Huenda ni uongo, lakini tuliupenda, na tulikuwa tukiusimulia kila wageni wa mwaka wa kwanza wanapofika.

Alikuwa mtanashati wa kuchosha. Blauzi, yaani koti jeupe la labo, aliipiga pasi hadi kola. Akipanda toleka, ile baiskeli ya abiria ya mjini kwetu, alikaa upande, magoti pamoja, kama mama anayetoka sokoni, ili suruali isipoteze mkunjo. Dereva wa toleka akithubutu kutabasamu, Chef anashuka na kungoja nyingine, hata kama mvua inaanza. Tulimwiga kwenye ua wa taasisi, tukikaa upande juu ya matofali na kufunga jicho moja. Siku moja alitukuta. Alisimama akatazama hadi mwisho, akamwambia aliyekuwa akiigiza: "Mugongo zaidi. Miye sikunjake mugongo." Kisha akaendelea na safari yake, na yule mwigizaji alikaa wiki mbili bila kuja darasani.

Sasa, mtu huyohuyo, mama aliyefagia labo alipoingia na ufagio wake, alisimama wima. Kila siku. Hata kama alikuwa katikati ya kumchana mwanafunzi, aliacha, akasimama, akasema, "Mama, mbote," na kusubiri hadi mama amalize chini ya meza yake. Halafu anakaa na kuendelea kuchana pale alipoishia.

Na mashine ya maternité moja ya mjini, ile ya kuwapasha joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ilipokufa, alikwenda akapiga magoti mbele yake siku tatu. Suruali na mkunjo wake vyote chini kwenye saruji. Nilimbebea kisanduku cha vifaa, kwa hiyo nilimwona. Hakumfokea mtu. Aliwaomba wauguzi maji ya kunywa kwa kusema tafadhali. Mashine ilipowaka alifumba macho, akaimba kidogo besi ya kwaya ya parokia yake, chini kwa chini, akafunga kisanduku. Wauguzi walimwita baba. Nilipowasikia wakimbariki nilikosa pa kuangalia, maana asubuhi ileile alikuwa amemwambia msichana wa mwaka wa pili kwamba ubongo wake ni mapambo.

Na kuna lile la Asani.

Asani na mimi tulikulia kwenye parcelle moja, kiwanja kimoja cha nyumba, huko Mangobo. Familia zetu zote mbili zilitoka Maniema, baba zetu walisali msikiti mmoja, na kwa kuwa alinizidi miaka miwili nilimwita Ya Asani, kaka yangu mkubwa, naye aliniita leki, mdogo wake. Tuliingia taasisi mwaka mmoja. Alikuwa mzito wa kusema lakini mkono wake ulikuwa safi, alilehemu vizuri kuliko sisi wote. Saa sita tulikaa nje ya geti tukala lituma, ndizi za kupondwa, kwenye sahani moja, yeye akinisukumia upande wenye pondu nyingi, ile mboga ya majani ya muhogo.

Siku moja malaria ilimwangusha katikati ya somo. Chef ndiye aliyemwinua. Alimweka juu ya toleka, akatembea kwa miguu pembeni akimshika bega asianguke, hadi hospitali. Alikaa naye hadi jioni, akimfuta jasho kwa leso yake mwenyewe iliyopigwa pasi. Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu Asani akarudi, bado miguu inatetemeka, akafanya mtihani wa sonde kwa mara ya kwanza, akashindwa. Chef akaandika échec bila kumtazama. Asani alipoomba kurudia kwa sababu ya ugonjwa, Chef akamwambia: "Ijumaa nilikuwa papa yako. Leo iko lundi."

Huo mtihani wa sonde ulikuwa lango la Chef mwenyewe. Bila kuupita hukuruhusiwa kutetea kazi yako ya mwisho, na bila kutetea hakuna diploma. Unaingia peke yako mbele ya jury, jopo la watahini, mlango unafungwa. Unaweka kadi yako mezani, unaandika faili la maelekezo kwa mkono wako bila daftari, unaunganisha sonde, jury inachagua mstari, na lazima uisimamishe cible hapo na kusoma namba wanayoitaka. Una nusu saa. Ukishindwa mara tatu, unatoka katika taasisi, na miaka yako yote inabaki hewa.

Mistari minne ya kwanza ya lile faili Chef aliiandika ubaoni kila mwanzo wa mwaka, kwa herufi kubwa, na hakuifuta. Tulikuwa tunaikariri. Tuliiita Credo, kama ile sala ya imani ya Wakatoliki. Mimi, binti wa Kiislamu, niliijua Credo ile hata usingizini. Mstari wa pili uliishia na sifuri. Sijui mtu aliyewahi kuuliza sifuri ile ni ya nini. Iliandikwa na Chef, ilikuwa ubaoni, wakubwa zetu waliikariri nao wakafaulu. Wengine walishindwa, lakini tuliamini wao walikosea kule chini, kwenye mistari yao wenyewe.

Ukweli ni kwamba waliofaulu walikuwa na bahati ya kadi. Labo ilikuwa na kadi chache za zamani, zilizoletwa na wageni, na anayeipata mojawapo katika kura ya mwanzo wa mwaka alipita bila taabu, akatembea mjini akidhani ni akili zake. Sisi wengine tulinunua prosesa sokoni, mahali palepale wanapouza vioo vya simu. Zilikuwa na maandishi mazuri juu yake, jina la kiwanda kikubwa, kila kitu.

Asani alishindwa mara ya pili. Baba yake alikuwa ameshawaambia watu msikitini kwamba mwanawe anakaribia kuwa ingénieur. Asani aliacha kulala vizuri, ukimwona asubuhi unadhani ametoka safari. Kila mchana, sahani ikiwa katikati yetu, alinionyesha daftari lake: leo nimebadilisha waya, leo nimeongeza volti, leo nimepunguza mwendo. Mtihani wake wa tatu ulikuwa Julai. Wangu wa kwanza, niliouahirisha hadi mwisho, ulikuwa siku hiyohiyo.

Aprili, saa yetu ya mazoezi na sonde ilifika na Asani hakuwepo, alikuwa amevuka kwenda Lubunga kumzika shangazi yake. Nilikaa peke yangu. Kadi yangu iligoma kama kawaida: Cible inconnue. Abandon. Chef alikuwa nje akizungumza na mtu. Nilikuwa na hasira, sikuwa na akili yoyote ya ziada, hilo nalikiri. Kwa hasira ile nikafuta sifuri ya Credo nikaweka tatu.

Kompyuta ikaanza kuongea. Mistari ikamwagika kioo kizima. Kumbe sifuri ile ilikuwa amri ya kuiambia inyamaze, isieleze kitu. Sasa ilikuwa inaeleza kila hatua, na katikati yake nikaona: namba iliyotarajiwa, tarakimu nane, inaanza na moja. Namba iliyojibiwa na cible, tarakimu nane pia, ila inaanza na mbili. Basi. Prosesa za sokoni zilikuwa bandia, zinafanya kazi ileile, ila zikiulizwa jina zinajibu tofauti kidogo. Nikaandika mbili mahali pa moja. Cible ikasimama pale nilipotaka, nikasoma namba zake moja baada ya nyingine, na damu ikanipanda usoni kwa furaha.

Chef alikuwa nyuma yangu. Sikujua tangu saa ngapi.

"Funga mulango," akasema.

Nikafunga.

"Miaka munane. Miaka munane ninaandikaka ile zéro ku tableau, batoto banakopia. Wewe njo wa kwanza kuiondosha."

"Chef, kumbe hizi prosesa…"

"Iko fausse. Zote za marché iko fausse. Nilijua tangu ya kwanza."

"Na bale balishindwa?"

"Balikuwa na macho sawa yako." Akavuta kiti, akakaa, akakunja mikono. "Sikiliza. Kule Yangambi, mashine ikikufia katikati ya forêt, utauliza nani? Utakariri Credo? Mutu mwenye anakopia zéro miaka mine bila kuuliza, miye siwezi kumupa diplôme. Mwaka kesho ninatafuta assistant. Nafasi iko moja. Donc, iko yako. Lakini usiambie wanafunzi. Ukisema, mutihani wangu umekufa."

"Sawa, Chef," nikasema. Sikufikiri hata kidogo. Lilitoka lenyewe.

Sitajitetea sana. Mei na Juni zote nilikaa nje ya geti na Asani saa sita, nikala naye, nikatazama daftari lake, nikatikisa kichwa pale penye kutikisa kichwa. Mara moja tu neno lilinifika mdomoni. Alikuwa ameinama akichora upya nyaya zake nne kwa rangi nne, kwa uangalifu wa kuhuzunisha, na nilitaka kumwambia aache ujinga huo, abadilishe tarakimu moja aende zake nyumbani. Kisha nikafikiria nafasi moja. Nikafikiria pia, na hili ndilo linaloniuma kuliko, kwamba kama mimi niliona peke yangu, kwa nini yeye asione? Nilianza kumwona mjinga. Ilikuwa rahisi kuliko kumhurumia.

Julai nilifanya mtihani asubuhi. Dakika nne. Wajumbe wawili wa jury walitazamana, Chef akatazama dari. Saa sita Asani alikuwa ananingoja getini, amenunua lituma na samaki, kwa ajili ya kunipongeza. Alikula kidogo sana. Kisha akauliza, macho kwenye sahani:

"Leki, ulifanya aje?"

"Namna tunafanyaka kila siku, Ya Asani," nikasema. "Credo na mistari yetu. Fanya tu polepole."

Akaitikia kwa kichwa. Aliniamini. Akarudia kimoyomoyo mistari yake, nikaona midomo inacheza.

Alasiri, katibu wa jury alikuwa na homa, Chef akaniambia nikae nishike kalamu. Kwa hiyo nilikuwa mle ndani. Asani aliweka kadi yake mezani na Chef akaichukua, akaiinua dirishani, akafunga jicho moja. Tukangoja. "Soudure iko muzuri," akasifu ulehemu wake. Katika miaka yangu yote sikumsikia akisema hivyo kwa mtu mwingine. Asani alitabasamu hadi nikaumia. Akaandika Credo, pamoja na sifuri yake, na chini yake mistari iliyonyooka vizuri. Akaunganisha sonde.

Cible inconnue. Abandon.

Akakagua nyaya. Akapunguza mwendo. Akatoa umeme akarudisha. Akaandika faili lote upya tangu mwanzo, na sifuri tena. Dakika ya ishirini aliinua macho akanitazama. Hakuwa anaomba kitu, alikuwa anatafuta tu sura anayoijua ndani ya chumba kile. Niliangalia karatasi yangu. Nilikuwa na nafasi ya kukohoa, ya kusema neno moja, hata kunyoosha kidole. Nilitazama karatasi hadi Chef aliposema muda umekwisha.

"Cible haidanganyake, Asani," Chef akamwambia. Halafu kwangu: "Andika."

"Niandike nini, Chef?"

"Unajua kuandika. Échec."

Nikaandika. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, hautetemeki, nimeuona tena kwenye faili za labo.

Asani hakumaliza hata mwezi mjini. Baba yake aliacha kwenda msikiti wa karibu, akawa anatembea hadi wa mbali. Asani alishuka na boti hadi Basoko, kwa mjomba wake, akaanza kutengeneza redio na paneli za jua za wavuvi. Mimi nikawa assistant. Chef aliniita Madame l'assistante siku ya kwanza na hakurudi tena kwenye Mademoiselle. Hakuwahi kunitukana tena, na niligundua kwamba nilianza kulikosa tusi lake, kwa sababu aliyekuwa ananitukana alikuwa bado anangoja kitu kutoka kwangu.

Nilijifunza kazi yake yote. Nilijifunza kuinua kadi dirishani. Nilimwuliza mvulana mmoja nani alimtapikia, darasa likacheka, na nikasikia utamu wa jambo lile, siwezi kudanganya. Chef alipopigwa na ugonjwa, upande mmoja wa mwili ukalala, nikaachiwa labo na sonde na ubao. Kila mwanzo wa mwaka naandika mistari minne, na wa pili unaishia na sifuri. Nimejitafutia sababu, zote ni zake. Wanafunzi hawaulizi.

Mwaka huu, baada ya Pasaka yao, mke wa Chef alinitumia ujumbe kwamba mumewe anataka kuniona. Anakaa upande wa Tshopo, nyumba ya matofali yenye veranda. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki, blanketi magotini kwenye joto lile, mdomo umevutwa upande mmoja. Alikuwa amenyolewa vizuri. Maneno yalitoka polepole na mate kidogo, mke wake akayafuta, kisha akaenda jikoni akatuacha.

Aliniuliza habari za labo. Nikamwambia bati bado linavuja. Aliniuliza wangapi wameshindwa. Nikamwambia saba. Akaitikia, akafumba macho, nikadhani amelala.

"Asani," akasema.

Nikashtuka. Miaka yote hiyo hatukuwa tumelitaja jina hilo kati yetu.

"Siku ile ya mutihani alikuja hapa. Alirudisha blouse ya labo. Alikuwa ameifua." Akaelekeza kidevu kwenye ngazi ya veranda. "Alisimama pale, kwenye ile marche. Akaniuliza alikosea wapi. Mutihani ulikuwa umeisha. Donc nilimwambia. Zéro, namba, marché, bintu yote."

"Ulimwambia?"

"Aliuliza. Mutu akiuliza, miye ninajibu. Hakuna mutu alikuwa ananiuliza." Jicho lake zima lilikuwa juu yangu, kavu, halina huruma wala hasira. "Halafu akauliza kama kuna mwanafunzi mwenye alijua. Miye si muongo."

Nilishika ukingo wa kiti.

"Nilimwambia unajua tangu avril."

"Chef, ni wewe ulinikataza!" Sauti yangu ilitoka juu, mke wake akachungulia mlangoni. "Ulisema nikisema mutihani umekufa. Nafasi ilikuwa moja!"

"Ndiyo. Nilikukataza." Alihangaika na neno lililofuata, ulimi ukiligonga mara mbili tatu. "Nilisema nitakufanya nini?"

Nikatafuta. Nilirudi mle labo, mlango uliofungwa, mikono yake iliyokunjwa, nikayapitia maneno yake yote aliyosema siku ile. Hakuwa amesema atanifanya nini. Hata kwamba ataninyang'anya nafasi hakusema.

"Miye nilikuwa mwalimu yake tu," akasema. "Sikukulaka naye sahani moja."

Mke wake alileta chai, nikainywa ikiwa moto mno. Mwishoni nikauliza kitu pekee nilichoweza kuuliza.

"Alisema nini?"

"Asani? Kitu moja. Akauliza: 'Na yeye, bamemupa ile kazi?' Nikasema ndiyo. Akasema: 'Bon. Angalau mumoja.'" Chef akafumba macho. "Halafu akashuka ile marche akaenda."

Sikumuaga vizuri. Nilitoka nikatembea kwa miguu hadi darajani, nikazipita toleka zote zilizoniita, na nilichokuwa nikihesabu kichwani ni safari za Asani. Maana lazima niseme: Asani hakuniacha. Tangu mwaka ule wa kwanza, kila akipanda kutoka Basoko na boti za wafanyabiashara hupiga simu kabla, na akishuka bandarini huja hadi nyumbani kwangu na samaki waliofungwa majani. Anakaa kidogo, anauliza habari za watoto, anacheka na mume wangu. Mara tatu au nne kwa mwaka. Nilikuwa nikijiambia, tazama, hajui, mambo yamepita. Nimewala samaki wale miaka yote.

Siku tano baadaye simu iliita nikiwa labo. Nyuma ya sauti yake nilisikia mota na watu wakigombania nafasi ya mizigo.

"Leki, tunaondoka sasa hivi. Safari hii samaki iko capitaine na mboto. Nikuletee ya gani?"

Siku zote tano nilikuwa nimepanga maneno. Nilikuwa nayo hadi kwenye karatasi.

"Yoyote tu, Ya Asani," nikasema. "Leta yoyote."

"Bon. Nitakuletea yote mbili." Mota ikapandisha sauti, akapaza yake. "Na Chef anaendelea aje? Nilisikia iko mugonjwa."

"Iko vile vile."

"Umusalimie," akasema, na boti ikaondoka.